Sanduku Lililofungwa Pande Zote Isipokuwa Moja

Jina langu limeanguka leo, ndugu zangu wa kikundi, na limeangukia Area 25, mtaa wa Lilongwe, mbele ya watu. Nimeona niandike mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana walioshuhudia ni wengi na wote wana simu.

Naandika huku nageuka geuka. Mkiona herufi zimeruka, njo sababu.

Wanaonijua wananijua. Kwa wale mlioongezwa juzi: mimi ni Papa Safari, fundi wa masanduku ya bati, hapa kambi ya Dzaleka, karibu na soko. Shule niliiacha mapema (na yenyewe iliniacha, tuliachana kwa amani). Nilifika kambini na nyundo na shati. Leo ukienda soko la Tsoka kule Lilongwe, ukauliza sanduku la nguvu, watakuonyesha langu. Nani alifikiria kuweka mpira wa tairi kuzunguka kifuniko ili vumbi lisiingie? Mimi. Nani alibuni kitasa cha springi, kifuniko kikishuka tu kinajifunga chenyewe? Mimi. Sikufundishwa na mtu. Nilikaa, nikafikiri, nikakata bati.

(Mpira na springi. Karibu viniue leo, vyote viwili kwa pamoja.)

Sasa, leo ilikuwa siku yangu ya kuposa. Mke wangu wa ujana amelala kwenye udongo wa huko nyumbani, Mungu amrehemu, na nimekaa peke yangu vya kutosha. Nikampata Mama Riziki. Ni mjane wa Uvira, anauza usipa, zile dagaa za huku Malawi, na ana mkono wa kupika sombe, yale majani ya muhogo, ambao sitaueleza hapa kwa sababu ya heshima. Yeye mwenyewe alikuwa ameshanikubali kwa simu. Alibaki kaka yake, Mwalimu Gaspari, anayemkalisha kwake Area 25. Mwalimu anafundisha hesabu kwenye shule moja ya binafsi, anavaa miwani, na akikuangalia unajisikia kama jibu lililokosewa. Akisema ndiyo, nina mke. Akisema hapana, narudi kupika ugali wangu mwenyewe mpaka kufa.

Kwa hiyo nilijiandaa. Nikatengeneza sanduku la bibi arusi, kubwa kuliko yote niliyowahi kutengeneza, la buluu, na maua mekundu kwenye kifuniko. Ndani nikapanga vitenge, blanketi na sufuria. Nikachukua na jogoo, nikamtia kwenye tundu la waya, kazi ya mikono yangu pia.

Na nikachukua mshenga. Kwetu siku ya posa mwoaji hasemi. Anakaa, anaangalia vidole vyake vya miguu, mshenga njo anasema. Wangu ni Mzee Sabasi, jirani yangu, Mrundi, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na koti la suti hata wakati wa joto. Akanionya asubuhi kabla hatujapanda matola, ile pikapu ya abiria: "Papa Safari, nakujua. Leo ule ulimi wako uuache nyumbani."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kuna desturi nyingine lazima niwaambie hapa, hasa vijana. Zawadi ikifika, upande wa bibi lazima waitie kasoro. Hata ukileta gari, watasema mbona linaangalia upande mmoja. Ni mchezo. Mshenga anajibu kwa upole, "Tumesikia, tutarekebisha," watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Nimeushuhudia mchezo huo kwenye posa za watu wengi. Nimeucheka. Kwenye posa yangu mwenyewe nikausahau.

Tukafika. Sanduku likabebwa na kijana wa kabaza, akiwa amelifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira, watu wa barabarani wakigeuka kulitazama (mimi nyuma nikitembea polepole ili wajue ni la nani). Tukakaribishwa sebuleni. Mama Riziki hakuonekana, yuko uani anatwanga, tunasikia mchi tu. Kila ukigonga, na moyo wangu unagonga. Vitenge na vyombo vikatolewa, vikapokelewa, vikapelekwa ndani. Sanduku likabaki tupu katikati ya sakafu, linang'aa.

Mwalimu Gaspari akalizunguka. Akagonga bati kwa kidole.

"Limefungwa vizuri?" akauliza.

"Limefungwa pande zote, Mwalimu," akasema Mzee Sabasi.

"Pande zote tunazozijua," akasema Mwalimu. "Lakini mi naona upande mmoja uko wazi kabisa."

Hapo ndipo Mzee Sabasi alitakiwa kusema "Tumesikia, tutarekebisha." Alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Upande gani?"

Mzee Sabasi akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Mwalimu akanigeukia. Niliona macho yake yakiwaka nyuma ya miwani, na sasa najua yale yalikuwa macho ya mwalimu aliyepata mwanafunzi siku ya mapumziko. "Upande wa nne," akasema. "We unajua mbele na nyuma, moja hiyo. Kushoto na kulia, mbili. Juu na chini, tatu. Kuna watu wa hesabu wanaofikiria mwelekeo wa nne. Mtu wa huko, sanduku lako kwake ni sawa na sahani."

"Sahani?"

"Sahani. Anachota anachotaka, kifuniko hakigusi."

Ndugu zangu, mtu akikuambia sanduku lako liko wazi, na umelala macho wiki nzima ukilichoma, utafanya nini? Nikamwambia, kwa heshima zote, anionyeshe.

Akachukua chaki. Akapiga magoti kwenye sakafu ya simenti na suruali yake nzuri hivyo hivyo. Akachora nukta. Akasema nukta haina pa kwenda, lakini ukiiburuta inaacha mstari. Mstari nao ukiuburuta kwa ubavu unaacha mraba, tambarare kama bati kabla halijakunjwa. Mraba ukiunyanyua kwenda juu, njia yake yote inakuwa sanduku.

"Sasa, Papa Safari. Sanduku nalo ukiliburuta kwenda upande mpya, si mbele, si kando, si juu, linaacha nini?"

"Linaacha mkwaruzo," nikasema.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Akachora mtu. Mtu wa chaki, kichwa na miguu, na nyumba yenye kuta nne imemzunguka, haina mlango. "Huyu ni mtu wa sakafuni. Anajua mbele, anajua kando. Juu hajui. Hana shingo ya kuangalia juu, hata neno la juu kwao haliko. Amejifungia. Anajiona yuko salama?"

"Yuko salama," akasema Mzee Sabasi.

Mwalimu akachukua karanga kwenye kisahani, akaishusha taratibu mpaka ndani ya nyumba ya yule mtu wa chaki. "Hakuna ukuta uliovunjika. Hakuna mlango uliofunguliwa. Karanga imetokea tu pembeni yake. Na mimi kutoka hapa juu ninaona ndani ya nyumba yake, ninaona ndani ya tumbo lake, hajui hata kama nipo. Nikigusa moyo wake kwa kidole, ngozi yake sijaigusa."

Mzee Sabasi akaacha kutafuna karanga. Hata mchi huko uani ulikuwa umenyamaza.

"Na sisi?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba, sijui ya nani.

"Sisi tunaweza kuwa watu wa sakafuni kwa mwingine," akasema Mwalimu, kwa furaha kabisa, kama mtu anayetangaza harusi.

Mzee Sabasi akafunga vifungo vyote vya koti. "Huyo wa upande wa nne, anaona mpaka ndani ya tumbo?"

"Mpaka maharagwe uliyokula asubuhi, Mzee."

"Ayii. Na sikuyatafuna vizuri."

Mimi nikavuta kofia yangu polepole, nikaiweka juu ya kitambi. (Najua. Kofia ina pande tatu tu kama vitu vingine. Lakini mtu unajisitiri na ulicho nacho.)

Mwalimu alikuwa hajamaliza. Akachukua chungwa, akasema tulifikirie linapita katikati ya sakafu kama maji. Mtu wa chaki ataona nini? Kwanza nukta, imetoka hewani. Halafu duara dogo. Duara linakua, linakua, halafu linapungua, linakuwa nukta tena, linapotea. Hataona chungwa hata siku moja. Ataona kitu kinachozaliwa, kinanenepa, kinakonda na kufa mbele ya macho yake. "Sasa mtu wa upande wa nne akipita hapa sebuleni," akasema, "sisi tutaona kama kibonge cha nyama kimetokea hewani, kinavimba, kinapungua, basi."

Nikaangalia hewa ya sebuleni. Sikuipenda.

Akaweka tundu la jogoo chini, akalimulika kutoka juu kwa tochi ya simu. Kwenye sakafu kivuli cha zile waya kikatokea: mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mistari imeunganisha kona kwa kona. "Tundu si hivi lilivyo," akasema, "hiki ni kivuli chake tu. Waya zote zina urefu mmoja, lakini kivuli kinakudanganya. Na chombo cha upande wa nne kikitupigia kivuli, kivuli chenyewe kitakuwa sanduku dogo ndani ya sanduku kubwa." Jogoo naye kivuli chake kilikuwa katikati, kimelala kama samaki. Jogoo alinyamaza kimya. Nilijua naye ameelewa.

Hapo nikajitetea. Niliona nikikaa kimya nitaonekana mjinga mbele ya shemeji, nikasema kitu ninachokijua. Nikasema, Mwalimu, sanduku kabla halijawa sanduku ni bati tambarare. Ukilikata kama msalaba, vipande sita vilivyoshikana, unakunja huku, unakunja kule, unapata sanduku. Hilo nalijua usingizini.

Mwalimu alikaribia kunikumbatia. "Njo hivyo hivyo! Sasa chukua masanduku mazima manane, uyashikanishe kama msalaba, nguzo ya manne na mengine manne yamezunguka. Ukiyakunja unapata sanduku la upande wa nne."

"Unayakunja kwenda wapi?"

"Njo swali," akasema, akakaa chini akitabasamu. "Kunja kwenda wapi."

Nimekunja bati nusu ya maisha yangu. Nikajaribu kichwani. Nikayaona masanduku manane, nikayakunja, yakagongana. Nikajaribu tena. Kichwa kikaanza kuzunguka na jasho likatoka mgongoni, na hapo hapo nikahisi kuna mtu ananiangalia. Si nyuma. Si juu. Nilitaka kugeuka na sikujua nigeukie wapi.

Ukweli niliogopa, ndugu zangu. Na mimi nikiogopa napiga kifua, njo ugonjwa wangu.

Nikasimama. "Mwalimu," nikasema, "mi sikusoma. Lakini macho ninayo. Kama sanduku langu liko wazi upande wowote, mwanga utaingia. Naingia ndani. Mnifungie. Nikiona mwanga hata wa sindano, nakubali. Nisipouona, nyie mnakubali ya kwamba limefungwa."

"Papa Safari, upande huo macho yetu hayawezi kuuona," akasema Mwalimu.

"Haya yangu yanaona tundu la sindano kwenye bati."

"Papa Safari, kaa," akasema Mzee Sabasi kwa meno.

Sikukaa. Nikaingia. Magoti yakaja kidevuni, kitambi kikatafuta pa kwenda, kofia ikabaki nje. Nikasema, kwa sauti ya bosi, "Shusheni."

Wakashusha. Nikasikia springi yangu. Tak.

Mnajua ile sauti? Mimi naipenda ile sauti. Huwa wateja wakija nawafungulia na kuwafungia mara kadhaa waisikie. Leo niliisikia nikiwa upande wa pili.

Giza. Giza la kushikika. Nikazungusha macho kila kona, hakuna mwanga hata punje. Furaha ikanijaa. "Hakuna kitu," nikapiga kelele. "Limefungwa pande zote."

"Tumekubali," sauti ya Mwalimu ikaja kutoka mbali kama ya redio. "Sasa tufungue. Ufunguo iko wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa suruali."

"Suruali iko wapi?"

"Nimeivaa."

Nikasikia kucha za mtu zikipapasa kifuniko.

"Upitishe ufunguo chini ya kifuniko," akasema Mwalimu.

"Haupiti. Kuna mpira."

"Nani aliweka mpira?"

Kuna maswali mtu hajibu akiwa ndani ya sanduku.

"Na kitundu cha kitasa?"

"Kwa ndani nimekiziba na kibati. Wezi."

Nikajaribu kusukuma kwa mgongo. Ndugu zangu, ninatengeneza masanduku ya nguvu. Sisemi kwa kujisifu tena, nasema kwa huzuni. Halikutikisika. Hewa ikaanza kuwa nzito na kunuka rangi mpya na hofu yangu. Nikamsikia Mwalimu akisema, "Usiseme sana, Papa Safari. Hewa." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulinimaliza. Mtu hakuambii kwa upole kama mambo ni mazuri. Nikasikia miguu ikikimbia, Mwalimu anatafuta patasi kwa majirani. Halafu nikamsikia Mzee Sabasi akishuka magotini kando ya sanduku, akaanza kuomba kwa Kirundi, kwa ile sauti yake nzito ya mazishi.

Sasa fikirieni mtu anayepita nje. Mlango uko wazi. Sanduku refu katikati ya sebule. Mzee wa koti jeusi amepiga magoti, mkono juu ya sanduku, analia na Mungu. Majirani wa Area 25 ni watu wenye utu, hawamwachi mtu na msiba wake. Nikasikia wakiingia taratibu, viatu vinavuliwa. "Pepani," sauti ya mama mmoja. "Pepani, bambo." Wanampa pole Mzee Sabasi. Na yeye badala ya kuwaeleza, Kichewa chake ni cha sokoni tu, akashukuru, "Zikomo, zikomo," akaendelea kuomba.

Kisha wakaanza kuimba.

Walikuwa wananiimbia mimi. Wimbo wa kuaga, polepole, sauti mbili, wakina mama juu na baba mmoja chini. Ulikuwa mzuri sana na njo ulinitisha zaidi. Nikasema moyoni, Safari, labda umeshakufa na hukuambiwa. Nikapiga bati kwa kiwiko, "Niko mzima!"

Wimbo ukakatika. Nikasikia mtu mmoja akianguka juu ya meza, kisahani cha karanga kikivunjika, miguu mingi ikigombania mlango mmoja. Jogoo naye akapiga kelele. Hata Mzee Sabasi simsikii (alikimbia na wao, amekiri mwenyewe kwenye matola, anasema miguu ilienda kabla yake).

Nikabaki peke yangu na lile giza. Na yule mtu wa chaki akanijia. Nyumba haina mlango. Amejifungia, anajiona salama. Nikajiona mimi ndiye yule, nimechorwa sakafuni na magoti yangu kidevuni, na kuna mmoja ameinama juu yangu kwa upande ambao sina shingo ya kuuangalia, anayaona maharagwe yangu, anauona moyo wangu ukikimbia, na mkononi ana kitu anakishusha. Nilibana macho. Nilibana kila kinachobanika. Nikasema, Bwana, kama ni karanga, iwe karanga tu.

Halafu ikagonga.

Ikagonga mgongoni kwangu, nyuma kabisa, ko, ko, ko. Sanduku linafungukia mbele. Kitasa kiko mbele. Nyuma hakuna kitu, nyuma ni bati. Ikagonga tena, kitu kikalia kama jino linang'olewa. Na mwanga ukaingia. Mstari mwembamba mweupe, kutoka upande usiofunguka. Ukanenepa, kama alivyosema Mwalimu, unakua, unakua. Na kwenye mwanga vikatokea vibonge vinne vya nyama. Vidole. Vikaingia, vikapapasa, vikanigusa shingoni.

Hapa ndipo, ndugu zangu. Ningeweza kuruka hapa, lakini mtaambiwa tu.

Nililia kwa sauti yangu yote: "Usinichukue mimi! Mchukue Mama Riziki! Yuko uani anatwanga! Mchukue yeye, mi uniache, nina kazi za watu!"

Vidole vikasimama.

Kifuniko kikainuka kwa nyuma, chote, springi yangu ikiwa bado imeshika mbele kwa uaminifu. Jua likanipiga usoni. Juu yangu amesimama Mama Riziki, mkono mmoja ana msumari mrefu, mkono mwingine ana mchi. Unga kwenye nywele. Nyuma yake Mwalimu na patasi ya kuazima, Mzee Sabasi, na Area 25 yote imejaa dirishani.

"Nimekusikia," akasema Mama Riziki.

Nilitaka kusimama nikimbie. Hata miguu haikuwepo, ilikuwa imelala. Nilibaki nimekaa ndani ya sanduku kama mtoto anayeogeshwa.

Mwalimu aliinama kuangalia bawaba. Mama Riziki alikuwa ameigonga misumari yake kutoka kando, mmoja baada ya mwingine, ikatoka kama njugu. "Umejulia wapi?" akamuuliza dada yake.

"Tulikimbia na sanduku la mama," akasema yeye, bila kuondoa macho kwangu. "Ufunguo ukapotea njiani. Batoto balikuwa na baridi na blanketi ziko ndani. Baba alikuwa anapigana na kitasa, mama akazunguka nyuma. Hakuna sanduku lisilo na mgongo, Papa Safari. Hata hili lako la Tsoka."

Kile kilichoniuma, na niseme tu kwa sababu leo nimeshavuliwa yote, ni kwamba nimetengeneza masanduku mengi kiasi hicho na sikuwahi kusimama nyuma yake nikajiuliza. Mbele, springi. Pembeni, mpira. Nyuma, msumari wa kawaida.

Mwalimu akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa anajitahidi, mdomo umekaza, miwani imejaa ukungu. "Bon," akasema, "tulikuwa kwenye posa. Upande wa bwana, mnasemaje?"

Mzee Sabasi akajikung'uta koti, akasafisha koo. "Tumesikia," akasema. "Tutarekebisha."

Dirisha zima likaanguka kwa kicheko. Walicheka mpaka waliokimbia wakarudi kuuliza kinachoendelea, wakaelezwa, wakacheka na wao.

"Na we, dada," Mwalimu akasema alipoweza kusema. "Papa Safari amekuja kukuomba. Mi kwa upande wangu sina neno. Mtu aliyeingia ndani ya sanduku kwa ajili ya swali la hesabu, sijawahi kumpata hata darasani. We unasemaje?"

Ndiyo yake ilikuwa hiyo, ndugu zangu. Nilikuwa nimeipata, nikiwa nimekaa mle mle ndani. Nikamwangalia Mama Riziki.

Akaweka mchi chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kimoja cha vile nilivyoleta, ameshakivaa. "Kaka, mi nasemaje tena," akasema. "Mi nimeshatolewa. Ametoa mwenyewe, mshenga iko, majirani beko, bote basikia. Amenipeana kwa yule wa upande wa nne. Sasa kama ananitaka, aende akaniombe huko."

"Kidesturi ana haki," akasema Mwalimu.

"Ana haki," akasema Mzee Sabasi. Mshenga wangu. Niliyemlipia nauli.

Tulikula, hawakutufukuza. Mimi nilipewa kiti baada ya miguu kurudi. Aliniwekea sombe mwenyewe, akaniongezea bila kuniuliza, na hakuniangalia. Wakati wa kuondoka nikainama nibebe sanduku nikalitengeneze, akaweka mguu juu yake. "Hili libaki. Ulete bawaba nyingine, za kuficha ndani." Nikamuuliza nizilete lini. Akasema, "Ukipita huku ukirudi kutoka huko."

Basi njo hivyo. Niko nyumbani, taa inawaka, nimekaa nimeegemea ukuta, na bado naona haunitoshi.

Anayetaka kucheka acheke pole pole, mi ni jirani yenu. Na kama kuna mtu humu anajua njia ya kwenda upande wa nne, aniandikie kwa pembeni. Mshenga bado ninaye, amekubali kunisindikiza. Anauliza tu kama huko kanisa liko.